VITA VIKIISHA, DENI LINAANZA

Somo la hesabu na historia

Somo letu la leo lina mambo mawili ndani yake: hesabu na historia. Tutahesabu gharama za vita. Vita tutakavyovitazama ni vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vya mwaka 1978 na 1979. Wazee wetu wanavikumbuka. Vijana wamevisikia katika hadithi. Mara nyingi hadithi hizo ni za mizinga, vifaru na ushujaa. Leo tutauliza swali jingine: Nani alilipa? Na alilipa kwa kitu gani?

Chukua kalamu na daftari. Mbele kidogo tutafanya hesabu pamoja.

1. MFANO WA GUNIA KUMI

Tuanze nyumbani kwetu, maana nchi ni kama kaya kubwa.

Tuseme mkulima amevuna gunia 10 za mahindi. Yeye na mkewe wamekaa, wakapanga hivi:

Gunia 6 ni chakula cha mwaka.
Gunia 2 watauza, wanunue dawa, sare za watoto na mafuta ya taa.
Gunia 1 watauza, wanunue jembe jipya na mbolea.
Gunia 1 ni mbegu ya mwaka ujao.

Mpango mzuri. Lakini usiku mmoja wezi wanavamia zizi lao. Wanavunja boma na kuondoka na ng'ombe. Mkulima anapiga yowe, majirani wanatoka, wanafuata nyayo. Baada ya siku kadhaa ng'ombe wanapatikana. Watu wanashangilia. Lakini kazi ile imekuwa na gharama. Wamewalisha majirani waliokwenda kusaka. Wamemtibu kijana aliyejeruhiwa. Wamejenga boma upya. Jumla ya gharama ni gunia 4.

Sasa gunia 4 zimetoka wapi? Chakula hawawezi kukigusa, maana watoto watalala njaa. Basi zimekwenda zile 2 za dawa na sare, ile 1 ya jembe na mbolea, na ile 1 ya mbegu.

Je, mkulima alikosea kutetea zizi lake? Hapana. Ukimwachia mwizi leo, kesho atarudi kuchukua na mbuzi. Lakini je, hasara yake iliisha siku ng'ombe waliporudi? Hapana tena. Hasara itaonekana mwezi wa kupanda, atakaposimama shambani mikono mitupu.

Ndugu msomaji, mfano huu ushike vizuri. Tutautumia mpaka mwisho.

2. VITA VYA KAGERA VILIKUWAJE?

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin, aliyekuwa mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka na kuingia mkoani kwetu Kagera. Mkoa huo zamani uliitwa Ziwa Magharibi. Waliikalia nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Mwanzoni mwa Novemba Amin alitangaza kwamba sehemu hiyo sasa ni mali ya Uganda.

Raia waliuawa. Nyumba zilichomwa. Maelfu ya ng'ombe waliswagwa kupelekwa Uganda. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa na kuporwa. Daraja la Kyaka, ambalo ndilo lililounganisha ng'ambo mbili za mto, lilivunjwa kwa baruti. Maelfu ya watu walikimbilia kusini na vifurushi vyao kichwani.

Tarehe 2 Novemba 1978, Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alilihutubia taifa. Alisema kwamba Tanzania itampiga mvamizi huyo. Jeshi likaongezwa upesi. Kabla ya vita lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika muda mfupi wakazidi 100,000, wakiwamo wanamgambo waliotoka vijijini kama hivi vyetu.

Majeshi ya Amin yalirudishwa nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliompinga Amin, yakavuka mpaka. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulianguka. Amin alikimbia nchi. Mwanzoni mwa Juni 1979 majeshi yalifika mpaka wa Uganda na Sudan, na vita vikaisha.

Ng'ombe wakawa wamerudi zizini. Watu wakashangilia. Basi sasa tuulize habari za gunia nne.

3. RISASI NA DAWA HUTOKA MFUKO MMOJA

Kwanza tufahamu jambo moja kuhusu fedha.

Shilingi zetu zinanunua vitu hapa nchini. Lakini mafuta ya gari, dawa nyingi, vipuri vya mashine na matairi hutoka nje. Huko nje hawapokei shilingi zetu. Wanataka fedha zao, kama dola au pauni. Hizi tunaziita fedha za kigeni.

Je, wakati ule Tanzania ilipata wapi fedha za kigeni? Ilizipata hasa kwa kuuza mazao: kahawa, pamba, mkonge, korosho, chai na tumbaku. Yaani mkulima ndiye aliyekuwa akijaza mfuko huo. Kila gunia la kahawa lililopanda meli lilirudi likiwa kitu fulani. Labda klorokwini ya kutibu malaria. Labda pampu ya maji. Labda vipuri vya mashine za kiwanda cha nguo.

Vita vilipokuja, kumbe navyo vinataka mfuko uleule! Kifaru kinakunywa mafuta. Lori la jeshi linamaliza matairi. Mizinga na risasi hazioti shambani. Vyote hivyo vililipiwa kwa fedha za kigeni. Basi kila dola iliyonunua risasi haikuweza kununua klorokwini. Dola moja haiendi sokoni mara mbili.

Tena kulikuwa na magari. Malori na mabasi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari, chakula na silaha mbele. Lori likiwa Masaka linabeba askari, haliwezi wakati huohuo kuwa kijijini linabeba pamba. Bila lori, mazao hukaa ghalani. Mazao yakikaa ghalani, fedha za kigeni haziji. Unaona, ndugu? Vita hutoa fedha mfukoni, na tena huziba mdomo wa mfuko zisiingie nyingine.

4. SASA TUFANYE HESABU

Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema vita vile viliigharimu Tanzania dola za Marekani kama milioni 500. Makadirio maana yake si hesabu kamili ya senti kwa senti. Lakini yanatupa kipimo.

Hatua ya kwanza. Mwaka 1979 dola moja ilikuwa sawa na shilingi kama 8. Basi:

500,000,000 x 8 = 4,000,000,000

Hizo ni shilingi bilioni 4, yaani milioni elfu nne.

Hatua ya pili. Sensa ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na watu kama milioni 17 na nusu. Tugawanye gharama hiyo kwa watu wote, pamoja na vikongwe na watoto wa mgongoni:

4,000,000,000 ÷ 17,500,000 = 229 hivi

Kila mtu alibeba shilingi kama 229.

Hatua ya tatu. Tuchukue kaya ya watu watano:

229 x 5 = 1,145

Usicheke ukasema, "Ah, shilingi elfu moja tu!" Shilingi ya wakati ule si ya leo. Mwaka ule kima cha chini cha mshahara mjini kilikuwa shilingi 380 kwa mwezi. Zidisha 380 mara 3. Unapata 1,140. Maana yake mzigo wa kila kaya ya watu watano ulikaribia mshahara wa miezi mitatu wa mfanyakazi wa kima cha chini. Na wakulima wengi vijijini walipata chini ya hapo.

Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kudai shilingi 1,145. Deni lilikuja kwa njia nyingine. Lilikuja dukani.

5. DENI LILIVYOKUJA DUKANI

Baada ya vita, serikali iliwaambia wananchi wajifunge mkanda kwa muda wa miezi 18. Miezi 18 ikapita. Shida haikupita. Ikaingia miaka ya 1980 na shida ile ile.

Waulize wazee. Watakuambia habari za foleni. Sabuni ilikuwa adimu. Sukari ilikuwa adimu. Mafuta ya taa, kanga, betri za redio, hata viberiti, vilitafutwa. Watu walioga kwa majani ya mpapai. Bidhaa kidogo ikifika dukani, ilikwisha kabla ya nusu ya foleni. Walanguzi wakaficha vitu na kuviuza usiku kwa bei ya kuruka. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1983 serikali ikaendesha msako mkubwa dhidi ya walanguzi, waliokuwa wakiitwa wahujumu uchumi.

Na mbegu je? Kumbuka ile gunia moja ya mkulima wetu.

Mwaka 1971 nchi ilikuwa imeweka shabaha kubwa: ifikapo mwaka 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani, mita zisizozidi 400. Mwaka 1977, mwaka mmoja tu kabla ya vita, ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa kila mtoto. Kisomo cha watu wazima nacho kilikuwa kimepamba moto. Zahanati zilikuwa zinajengwa vijijini.

Mipango hii ndiyo iliyokuwa mbegu ya nchi. Pampu ya maji inataka dizeli na vipuri. Shule inataka vitabu na karatasi. Zahanati inataka dawa. Kila kimoja kinagonga mlango wa mfuko uleule. Katika miaka iliyofuata vita, pampu nyingi zilisimama kwa kukosa dizeli na vipuri. Madarasa yalijaa watoto lakini vitabu havikutosha. Zahanati zilikuwa na jengo na mganga, lakini kabati la dawa lilikuwa tupu. Mwaka 1991 ulifika, na shabaha ya maji haikufikiwa.

6. TUSIBEBESHE VITA MZIGO WOTE

Hapa tusimame kidogo. Mtu aliyesoma hakubali haraka sababu moja kwa shida kubwa. Je, ni vita peke yake vilivyoleta dhiki ile? Hapana. Kulikuwa na mambo mengine, nayo yalifuatana kama mvua ya mawe.

Kwanza, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ikalazimika kuanzisha peke yake shirika la ndege, reli na huduma nyingine zilizokuwa za pamoja.

Pili, bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana mwaka 1977, ilishuka. Akiba ya fedha za kigeni nayo ilikuwa imetumika kwa kuagiza bidhaa nyingi kabla ya vita.

Tatu, kuanzia mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ilipanda zaidi ya mara mbili.

Nne, kulikuwa na ukame, na kulikuwa na makosa yetu wenyewe. Mashirika mengi ya umma yalileta hasara. Mkulima alilipwa bei ndogo na alilipwa kwa kuchelewa, akakata tamaa ya kulima mazao ya kuuza.

Wataalamu wa uchumi hadi leo wanabishana ni sehemu gani ya shida iliyotokana na kipi. Lakini jambo moja ni wazi. Vita vilikuja wakati mfuko umekwisha kutoboka, vikachota kilichobaki. Mtu mwenye afya akipigwa, atainuka. Mgonjwa akipigwa, atakaa kitandani muda mrefu.

7. GHARAMA ZISIZOINGIA KATIKA HESABU

Kuna vitu ambavyo hatuwezi kuvigawanya kwa watu milioni 17 na nusu.

Mamia ya askari wa Tanzania walikufa. Wengi wao wamezikwa katika makaburi ya mashujaa huko Kaboya, mkoani Kagera. Raia wa Kagera waliouawa wanakadiriwa kuwa 1,500 hivi. Kwa mama aliyempoteza mwanawe, au mtoto aliyempoteza baba, hesabu yetu ya shilingi 229 ni upuuzi mtupu.

Waganda nao walilipa. Miji ya Masaka na Mbarara iliharibiwa vibaya. Watu wa kawaida wa Uganda hawakuulizwa kama wanataka vita. Walikuwa wameteswa na Amin tangu alipotwaa serikali mwaka 1971, kisha wakapata na mabomu juu yake.

Na Amin mwenyewe? Alikimbia. Aliishi Saudi Arabia miaka mingi, akafia huko mwaka 2003. Yeye aliyewasha moto hakupanga foleni ya sabuni. Hivi ndivyo vita vilivyo, ndugu msomaji. Anayeagiza chakula si yeye anayelipa.

8. JE, TUSINGEPIGANA?

Swali hili linauma, lakini tulitazame.

Kumfukuza mvamizi lilikuwa jambo la lazima. Watu wa Kagera ni ndugu zetu. Nchi isiyotetea watu wake ina faida gani kwa watu wake? Hapo wengi wanakubaliana.

Ubishi uko kwenye hatua ya pili: kuvuka mpaka na kwenda hadi Kampala. Wapo wanaosema ingetosha kumrudisha Amin kwake na kulinda mpaka. Gharama ingepungua sana, maana safari ndefu hula mafuta mengi, na majeshi ya Tanzania yalikaa Uganda hadi mwaka 1981. Wengine wanajibu: nyoka ukimkata mkia, amebaki na meno. Angerudi, na tungelipa mara mbili. Kulinda mpaka kwa miaka mingi nako kuna gharama yake.

Hatuwezi kukuchagulia jibu. Lakini tunaweza kukuambia hivi: yeyote anayejibu lazima aweke mezani gharama za pande zote mbili. Kusema "tupigane" bila kutaja gunia nne ni kudanganya. Kusema "tusipigane" bila kutaja mwizi ni kudanganya vilevile.

Na kuna gharama ya tatu ambayo ni ndogo kuliko zote. Ni gharama ya kuzungumza mapema. Baada ya Amin kutwaa serikali mwaka 1971, viongozi wa nchi tatu za Jumuiya hawakukaa tena meza moja. Tanzania ilikuwa na sababu zake. Haikumtambua mtu aliyetwaa nchi kwa bunduki na kuua watu wake. Lakini meza ikikaa tupu miaka mingi, ugomvi haukosi mahali pa kukaa. Jumuiya mpya ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Leo malori ya mizigo yanavuka Mutukula, mpaka uleule uliovukwa na vifaru. Mikutano ina gharama, ndiyo. Nauli, hoteli, karatasi. Lakini hakuna mkutano uliowahi kula mbegu ya nchi nzima.

9. MAMBO YA KUKUMBUKA

Moja: Vita hata vikiwa vya haki vina bei, na bei hulipwa na watu wa kawaida.

Mbili: Bei hiyo haikatwi kwenye chakula cha leo peke yake. Hukatwa kwenye mbegu: shule, maji, dawa, barabara.

Tatu: Bunduki zikinyamaza, malipo ndiyo kwanza yanaanza.

Nne: Mwananchi anayejua kusoma na kuhesabu ana haki na wajibu wa kuuliza: fedha hizi zimetoka wapi, na ni kitu gani hakitanunuliwa?

MANENO YA KUJIFUNZA

Fedha za kigeni: fedha za nchi nyingine tunazotumia kununua vitu nje.
Makadirio: hesabu ya kukisia kwa kutumia habari zilizopo.
Vipuri: vyuma au sehemu za kubadilisha katika mashine au gari.
Shabaha: lengo, kitu unachokusudia kukifikia.
Mvamizi: anayeingia kwa nguvu katika nchi au nyumba ya mwingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkulima wetu alitumia gunia 4. Kama ungekuwa wewe, ungezitoa wapi? Kwa nini?

2. Kaya yako ina watu wangapi? Zidisha idadi hiyo kwa 229. Kisha gawanya jibu kwa 380. Umepata miezi mingapi ya mshahara wa kima cha chini cha wakati ule?

3. Taja vitu vitano kijijini kwenu vinavyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Visipopatikana, nani ataumia kwanza: wanaume, wanawake au watoto?

4. Kuvuka mpaka au kuishia mpakani? Gawanyikeni pande mbili, mjadiliane. Kila upande utaje faida na gharama.

KAZI YA NYUMBANI

Mtafute mzee au bibi anayekumbuka miaka ya 1979 hadi 1985. Muulize: "Shikamoo. Wakati ule baada ya vita, ni kitu gani kilichokusumbua zaidi kukipata, na ulifanyaje?" Andika majibu yake katika mistari kumi. Andika jina la kijiji na mwaka. Someni majibu hayo kikundini, kisha yahifadhini. Wenye kukumbuka wanapungua kila mwaka, na hesabu ya deni lile haijaandikwa yote.